Nyumba Moja Bora Mtaa Mzima

Pito, Sumbawanga
3 Julai 2023

Mpwa wangu Angela,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ukizisoma umesimama unaweza kuanguka. Sisi huku tunapumua. Upepo wa mwezi huu unapiga mpaka mbwa wamehamia jikoni. Mama Calvin magoti yanamsumbua lakini mdomo mzima kabisa, namshukuru Mungu kwa yote mawili. Calvin yuko Matai, mkewe kajifungua mtoto wa kike. Wamenitumia picha. Ana paji langu la uso, kwa hiyo maisha yake yameshanyooka. Mahindi tumeingiza ndani, ulezi bado uko uani.

Utasema mjomba ana simu, tena ya kioo, kwa nini anaandika. Ugomvi wa kwenye simu haunogi. Nikifika mahali penyewe mtu anasema "mtandao, mjomba, mtandao", anakata. Barua haina mtandao. Nimempa kondakta wa basi la Dar, kijana wa Mollo. Akiipoteza najua kwa bibi yake.

Sasa kaa vizuri. Jana tumeitwa mkutano ofisi ya mtaa. Amekuja bwana mmoja wa lile shirika lililowapa ninyi kazi ya kutafiti makazi yetu, kavaa koti la ngozi, mkononi ana ripoti imebanwa vizuri kama kitabu cha misa. Akasoma: "Wananchi wa mtaa huu wamekiri kwa vinywa vyao kwamba wanaishi katika mabanda." Mabanda! Elia fundi mwashi, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma na dari juu, kaandikwa banda. Coleta, jirani yangu, mjane, mwenye sakafu nyekundu inayong'aa mpaka kuku anajiona akapigana na kivuli chake, kaandikwa banda. Mtaa mzima duni. Kabla ya mvua nyumba zote zitabomolewa, watu wapelekwe kwenye vyumba vya mstari ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango kama mabehewa, hata gunia la ulezi halina pa kulala.

Halafu yule bwana akapindua ukurasa, akasema: "Isipokuwa nyumba moja, ambayo imepata daraja la bora. Ya ndugu Kasmir."

Angela, nyumba yangu unaijua. Ni nyumba nzuri, sikatai, ina historia. Ndiyo nyumba pekee Ufipa yenye dirisha lililofika Kolwezi, maana ni kioo cha mbele cha lori la Fiat nililoliendesha mimi mwenyewe mpaka Kongo. Lakini upande wa mashariki umeinama, nimeuegemeza kwa miti miwili ya mkaratusi, na mvua ikinyesha tunajua yote yaliyo nje. Watu wote wakageuka wakanitazama. Afadhali wangenitukana.

Mwisho wa ripoti pana jina la ofisi yenu, Kizingiti, na chini yake jina lako wewe, mtoto wa dada yangu. Na vijana wenu wawili, nani aliyewazungusha nyumba kwa nyumba? Mimi! Jana jioni nimekwenda kilabuni, nikawekewa kimpumu changu, pombe ya ulezi, peke yangu kwenye kikombe, kama mgeni. Wenzangu chungu kimoja, mirija inazunguka, mimi na kikombe. Nimekunywa kimpumu na Wakongo waliokuwa wanataka kuniibia matairi, hawakunitenga namna hiyo.

Nieleze. Na nieleze hili pia: ulikuja lini wewe mwenyewe ukaziona hizi nyumba?

Mimi mjomba wako mwenye hasira,
Kasmir


Mabibo, Dar es Salaam
22 Julai 2023

Mjomba,

Shikamoo. Shikamoo ya Mama Calvin pia. Barua yako imenifikia juzi. Kondakta aliisahau chini ya kiti, ikaenda Sumbawanga na kurudi. Hongera kwa mjukuu, na pole yake kwa paji la uso. Watoto wangu hawajambo. Mkubwa ameanza darasa la kwanza, anamsahihisha mwalimu. Sijui karithi kwa nani.

Mjomba, nimeisoma barua yako mara mbili na nimeumia. Unaandika kama vile tulikaa hapa tukatunga. Naomba unisikilize.

Kizingiti ni watu watatu kwenye chumba kimoja juu ya duka la mabati. Mimi, Timoth anayeshughulika na takwimu, na Debora anayesimamia wadadisi. Wote watatu tulitoka ofisi kubwa, yenye lifti, tukaacha mishahara yetu pale. Unajua kwa nini? Kwa sababu kule mtaalamu alikuwa anapita na gari, anaitazama nyumba ya mtu kupitia dirishani, anaandika "duni" bila kumsalimia mwenyewe. Tukasema ofisi yetu haitamsemea mtu. Mwenye nyumba ndiye ataulizwa, na atakachosema ndicho kitakachoandikwa, neno kwa neno. Hilo ndilo tunalojivunia. Ndilo lililotupatia kazi hii, ambayo ndiyo kubwa ya kwanza.

Basi vijana waliuliza. Christopha na mwenzake ni wadadisi wazuri, hawakumwongoza mtu. Majibu ninayo kwenye kishikwambi. Coleta: "Banda tu hili, mwanangu, tunajibanza." Elia: "Haina maana, vitofali tu nimepanga." Mwingine: "Mtatusamehe, hapa hapafai hata kukaa." Mtaa mzima hivyo, hakuna aliyelazimishwa.

Isipokuwa mtu mmoja. Nakunukuu, mjomba: "Andika kijana. Nyumba ya kisasa, madirisha ya kioo cha kigeni, paa halijui kuvuja, hata balozi akija analala na hataki kuondoka." Christopha aliandika. Ulitaka afanye nini, akubishie?

Ripoti imepokelewa na mteja, na njia tuliyotumia ni sahihi. Nasikitika kwa majirani, lakini kila mtu alipewa nafasi yake ya kusema.

Msalimie Calvin.

Mpwa wako,
Angela


Pito
6 Agosti 2023

Angela,

Shikamoo yako nimeipokea nikaiweka pembeni, nitaijibu nikipoa. Mama Calvin anakusalimu. Kasema nisikuandikie nikiwa na njaa, kwa hiyo nimekula kwanza ugali wa ulezi na maharage, na bado nina hasira ile ile. Mtoto wa Calvin wamembatiza Kristiana.

Kila mtu alipewa nafasi yake ya kusema! Hivi wewe ulizaliwa wapi? Siyo hapo Mollo, kwenye nyumba ya bibi yako? Mgeni anabisha hodi, tena msomi, ana begi, ana kishikwambi, unamkaribisha mpaka kwenye kiti, halafu anakuuliza, "Mama, nyumba yako ikoje?" Ulitaka Coleta ajibu nini? "Nzuri sana, umeona sakafu yangu"? Mwanamke wa Kifipa mwenye adabu zake? Angekufa kwa aibu kabla ya kumaliza. Mama yako mwenyewe, siku Padri alipokuja kubariki nyumba, alipiga magoti mlangoni akasema, "Karibu Baba, utuvumilie, hapa ni kichakani tu." Na ilikuwa imepigwa chokaa jana yake! Ulikuwepo. Ulikuwa umeshika beseni la maji ya kunawa. Padri aliandika ripoti kwamba mama yako anaishi kichakani?

Mtu akikuambia kwake pazuri, ujue ana tatizo. Huku hata mtoto anayajua haya. Ninyi mmekwenda chuo kikuu wote watatu, mkayasahau kwa pamoja.

Tena siyo sisi tu. Mboje, yule Msukuma wa kule bondeni. Vijana wenu wamemwuliza ana ng'ombe wangapi, kawaambia, "Tuwili tu, wazee, tumekonda." Mmeandika wawili! Bwana yule alivyosoma "mfugaji maskini wa ng'ombe wawili", watu walicheka kwa mara ya kwanza mkutano mzima. Jioni ng'ombe wa Mboje wanarudi, pikipiki zinazima injini na kungoja. Msukuma gani anamtajia mgeni idadi ya ng'ombe wake? Si ni kuwaita wezi na maradhi kwa jina?

Kuhusu maneno yangu mimi, yale ya balozi. Mimi ni mtu wa dunia. Nimelala Ndola, nimelala Lubumbashi, huko mtu asiyejisema hapewi hata maji. Nilikuwa nakupa heshima wewe, wale vijana wasirudi Dar wakasema mjomba wa bosi wetu anakaa pabaya. Hayo yaishie hapo.

Watu wa shirika wamekuja na rangi. Kila mlango umeandikwa namba nyekundu, wa kwangu peke yake hauna. Mlango usio na namba unauma, sikujua. Coleta hajaifuta ya kwake. Anachofanya ni kupiga deki. Asubuhi anapiga deki, mchana anapiga deki, sakafu ile itatoboka. Matofali ya nyumba ile alifyatua na marehemu mumewe, kwa mikono yao, wakachoma tanuru mbili. Nikipita ananisalimia vizuri sana, kwa adabu kamili, kama mtu asiyenijua.

Na hukunijibu. Ulikuja, hukuja?

Kasmir


Mabibo
27 Agosti 2023

Mjomba,

Shikamoo, ukiwa umepoa. Jina Kristiana limenifurahisha. Nimemshonea kigauni, kiko kwenye mfuko pamoja na barua hii, na dawa ya magoti ya Mama Calvin.

Nimechelewa kwa sababu sikuweza kukuandikia kabla sijajua mambo mengine. Hilo la beseni limenikaa kichwani juma zima. Nililishika beseni lile na nilimsikia mama. Nilikuwa naisoma ripoti yetu kwa usahihishaji wa mwisho, nikafika kwenye "hapa hapafai hata kukaa", na nikapita. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilifikiri takwimu.

Sasa nikueleze na mimi ninachokasirikia. Shirika lile lilituambia utafiti ni kwa ajili ya maji ya bomba na mifereji. Duni zaidi, maji haraka zaidi, ndivyo tulivyoelezwa. Neno "kubomoa" nimelisoma kwanza kwenye barua yako. Nilikwenda ofisini kwao. Nilikalishwa kwenye mapokezi mpaka chakula cha mchana kikapita mbele yangu. Bwana wa koti la ngozi akatoka, akaniambia, "Dada Angela, ninyi ndio mlioandika. Sisi tunatekeleza maneno ya wananchi." Maneno yangu mwenyewe, mjomba, akanirudishia, nikayabeba mpaka nyumbani.

Nikawaambia wenzangu tuiondoe ripoti. Debora alikubali hapo hapo. Timoth alisema ofisi ikikana kazi yake ya kwanza kubwa hakuna atakayetupa ya pili, na chumba hiki tutawaachia watu wa mabati. Tumegombana vibaya. Mimi na Timoth sasa tunaongea kupitia Debora, na chumba ni kimoja.

Mwisho shirika limekubali jambo moja, nadhani kwa kutudharau. Tarehe thelathini Septemba watafanya mkutano wa uhakiki hapo mtaani, mbele ya mtendaji. Kama wananchi wataeleza hadharani hali ya nyumba kinyume cha ripoti, daraja litafanyiwa upya. Wakirudia maneno yao, nyumba zinabomolewa.

Kwa hiyo, mjomba, watu lazima wasimame, mmoja mmoja, waseme nyumba zao ni nzuri. Wataweza?

Angela


Pito
10 Septemba 2023

Mpwa wangu,

Sasa nimepoa, marahaba. Kigauni kimefika, kikubwa, atakivaa akianza shule. Dawa ya magoti Mama Calvin anaipaka akienda kwa Coleta tu, hapa nyumbani anasema anatembea vizuri.

Umeniuliza wataweza. Hawataweza. Nimejaribu mimi, Kasmir, niliyewashawishi askari wa mpakani Tunduma kwa lugha tatu nisizozijua. Nimewaita nyumbani kwangu kwa mazoezi. Wamekuja, maana kukataa mwaliko ni utovu wa adabu, lakini wamekaa karibu na mlango.

Nikaanza na mimi kuwaonyesha. Nikasimama, nikaisifu nyumba yangu kwa moyo wote, paa, kuta, dirisha. Nilipomaliza, Coleta anaitazama ile miti ya mkaratusi.

Nikamwambia Elia, "Haya, zamu yako. Sema nyumba yangu ni nzuri."

"Nyumba yako?"

"Yako wewe!"

"Haa. Si mbaya sana."

"Sema nzuri, Elia! Umeijenga mwenyewe, ina dari!"

"Dari yenyewe nilikosea vipimo." Halafu akasema, "Kama mnataka nyumba, nyumba ni ya Coleta. Ile ndiyo kazi. Kona zake hata leo ukiweka pima-maji zimekaa."

Nikamgeukia Coleta, nafikiri afadhali. Anasema, "Ah, wapi, ya kwangu banda. Ya Vicent ndiyo nyumba, ina msingi wa mawe, mafuriko ya mwaka ule maji yalipiga yakarudi." Vicent, jirani mwingine, naye hataki, anaitaja ya Mboje, eti ina zizi imara na ghala la miguu panya hapandi. Nikamwuliza Mboje, "Na ng'ombe?" Akasema, "Wapo." Nikamwambia hiyo siyo idadi. Akasema, "Wazima, namshukuru Mungu."

Jioni nzima wananizungusha namna hiyo! Kila mtu anasukuma kwa mwenzake kama watoto wanaokataa kuchota maji. Nikapandisha sauti. Nikawaambia mtabomolewa na adabu zenu. Hapo Coleta akasimama, akajifunga kanga, akasema taratibu, "Shemeji Kasmir, afadhali nibomolewe, kuliko nisimame mbele za watu nijisifu kama wewe." Akaaga vizuri, akatoka. Na wengine wakaaga vizuri.

Angela, mimi nimetukanwa na mabingwa. Hilo limeingia mahali pengine. Marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu, ndiye aliyenishika mkono niliporudi kutoka Kongo sina hata shati la pili. Nimekaa nje kwenye baridi mpaka Mama Calvin kaja kunifunika, hakuniuliza kitu. Akinyamaza yule ujue ni msiba.

Njoo mwenyewe. Wewe ni mtoto wao. Labda wewe watakusikiliza. Na bado hujanijibu swali langu. Hii ni mara ya tatu.

Kasmir


Mabibo
17 Septemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Naandika haraka, basi linaondoka. Wote wazima.

Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini. Nilipofika pale wanapozungushana, Timoth aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta yake, akaongea na mimi moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Alisema, "Rudia hapo kwa Elia." Nikarudia. Akasema, "Hao watu wamekwisha kujibu. Sisi ndio tuliouliza kwenye mlango usio wenyewe."

Usiwafundishe tena. Usimwambie mtu ajisifu. Timoth ameandika swali jipya na shirika limelipitisha, hawajaona tofauti yake: mtu hataulizwa nyumba yake, ataulizwa ya jirani yake. Timoth na Debora wanakuja. Mimi siji. Mimi ni ndugu, na yule bwana atasema nimepika majibu.

Nakuomba kitu kimoja tu, na najua ni kikubwa kwako. Siku hiyo usizungumze.

Angela


Pito
8 Oktoba 2023

Mpwa wangu Angela,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Mama Calvin mzima, magoti yamekubali dawa. Kristiana ameletwa tukamwona. Paji la uso ni langu kweli, mama mkwe wa Calvin anabisha lakini hana ushahidi.

Najua Timoth amekueleza. Hakukueleza. Mtu anayesema "asilimia" hawezi kueleza siku ile. Nieleze mimi.

Watu walikuja wote, wamevaa nguo za kanisani. Yule bwana alikuja na koti lake, jua linawaka, jasho linamtoka, hataki kulivua. Timoth akasimama, sauti ndogo, nikasema huyu amekwisha. Akamwuliza Elia, "Baba, nyumba ya jirani yako Coleta ikoje?"

Angela! Elia yule yule wa "vitofali tu"! Alianza kwenye msingi akapanda. Kaeleza udongo ulichimbwa wapi, tanuru ilichomwa vipi, matofali ukiyagonga yanalia kama kengele. Akamwita mtendaji waende wakagonge. Wakaenda, wakagonga! Mkutano mzima ukahamia kwa Coleta, umepanga mstari unagonga ukuta, na Coleta kajifunika uso kwa kanga, anasema, "Jamani basi, jamani banda tu." Akaulizwa na yeye ya Vicent. Kanga ikashuka, akasema mpaka Vicent akatoka akaenda kusimama nyuma ya mti. Kila mtu anafukuzwa na sifa zake. Vicent kaisemea ya Mboje, kamtajia na ng'ombe, hesabu kamili, Mboje anamkonyeza aache, haachi. Mtendaji anaandika mpaka kalamu ikagoma, akaazima.

Yule bwana akasema, "Lakini mliwaambia wadadisi ni mabanda!" Coleta akamjibu, na sauti yake ilikuwa imetulia kuliko siku zote. "Baba, ulitutumia wageni. Tuliwapokea. Wewe ukachukua salamu zetu ukazifanya nyundo." Koti likavuliwa hapo.

Ikabaki nyumba moja. Debora akamgeukia Coleta, akamwuliza, "Na ya jirani yako Kasmir?" Mimi kimya, kama ulivyonituma, nimeuma ulimi mpaka nikasikia damu. Coleta akasema, "Kasmir ni shemeji yangu. Aliuguza mume wangu. Lakini nyumba ile itamwua." Basi. Elia akaongeza kuhusu paa, Vicent kuhusu miti ya mkaratusi, na Mboje, mtu wa juzi, kaongeza na yeye. Timoth akaandika, bila aibu, mbele yangu: duni. Nyumba moja duni mtaa mzima, Angela, nayo ni ya kwangu! Na hasira yangu yote ya miezi mitatu hiyo haikufika ya siku ile. Nilikuwa natafuta pa kuanzia kumtukana mtu, Elia akawa ameshapima kwa miguu mahali pa kuweka msingi mpya. Juma lijalo wanafyatua matofali yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Ripoti ya kwanza imefutwa, mtendaji kagonga muhuri. Yule bwana kaondoka bila kula. Timoth alikula. Na wakati wa kula nikamwuliza yeye lile swali, kwa kuwa wewe una ugonjwa wa kutosikia. Kaniambia ulikuja. Siku ya kwanza ya utafiti ulikuwa Sumbawanga mjini, hotelini, siku mbili, ukawatuma vijana Pito, ukarudi Dar. Eti usiandikwe kwamba umependelea kwenu. Mwanangu, kutoka hoteli ile mpaka hapa hata chai haipoi. Nilitaka kukuandikia maneno ambayo karatasi isingebeba.

Lakini ngoja. Watu wamekwisha kula, wanaaga, Coleta akainua mkono. Akasema, "Mmetuuliza nyumba za watu, tumejibu. Na mimi nina swali. Yule mtoto aliyeandika ripoti ya kwanza, halafu akapigana kuifuta, ni wa nani?"

Mama Calvin akanitazama. Debora akaniruhusu kwa kichwa. Nikasimama. Mdomoni nilikuwa na mengi: chuo kikuu, ofisi Dar, vitabu, lifti mliyoikataa. Unanijua, mimi nimesifu hata baiskeli isiyo na mnyororo. Yakaja yote mpaka kwenye meno, halafu sijui imekuwaje, nikajisikia nasema, tena kichwa nimekiinamisha:

"Ni wetu sisi. Katoto tu. Hakajui kitu."

Watu wakapiga makofi, yale ya taratibu ya viganja, unayajua. Mama Calvin akashika midomo. Coleta alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Julai kama mtu anayenijua, akasema, "Basi ni mtoto mzuri. Mwambieni aje ale."

Timoth aliuliza kwa nini watu wanalia.

Njoo.

Mjomba wako,
Kasmir